Digrii na Daftari la Milango

Ndugu zetu, majirani, wenzake wa kazi, na ninyi mliosimama huko nje ya turubai kwa sababu hamna uhakika kama mnakaribishwa, sogeeni ndani, viti vipo, maana historia ya dada yetu ni ndefu kidogo kuliko zile mlizozoea kusomewa, na imeandikwa kwa mkono na mdogo wake, mchora mabango, aliyeishia darasa la saba, ambaye familia ilimpa kazi hii baada ya kukosa mwingine, naye akaipokea kama anavyopokea kila kazi, yaani kwa kutangaza kwamba hakuna anayeiweza kuliko yeye. Ndani yake limo lile jambo ambalo mtaa huu umelitafuna kwa miaka kumi na sita, la siku ya kuhesabu kura, kwamba dada yetu alimsaliti mgombea wake mwenyewe, na leo, kabla hajafunikwa na udongo, jambo hilo litaelezwa lilivyokuwa, kisha kila mtu atakwenda nalo nyumbani kwake anavyojua mwenyewe.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 9 Novemba 1966, saa tatu asubuhi, katika chumba cha pili cha nyumba ya baba yetu, nyuma ya ghala la nafaka, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili, na aliyempokea alikuwa mkunga kijana wa miaka ishirini na miwili, ambaye siku hiyo ndiyo alikuwa anaanza kazi peke yake bila mkubwa wa kumsimamia, na mkunga huyo leo yupo nasi, amekaa pale mbele kwenye kiti chenye mto, shikamoo mama. Mdogo wake alifuata miaka mitatu baadaye, akiwa mzito kuliko yeye kwa nusu kilo, jambo ambalo amelikumbusha katika kila kikao cha familia tangu alipojifunza kusema.

Baba yetu alikuwa karani wa mizani katika ghala hilo, mtu wa penseli sikioni, na mwaka 1974, dada akiwa na miaka minane, ulifanyika uchaguzi wa ile namna ya zamani ambapo watu walijipanga mistari uwanjani, kila mmoja nyuma ya mtu anayemtaka, na mstari aliosimama baba ulikuwa mfupi, na Jumatatu iliyofuata meneja wa ghala alimwita akamwambia neno moja tu, "Tulikuona," baba akarudi nyumbani saa nne asubuhi na koti lake mkononi na penseli bado sikioni. Mdogo wake alikuwa anacheza na vizibo vya soda uani, hakuelewa kitu, lakini dada alimfuata baba mpaka chumbani akamuuliza, "Baba, walijuaje?" na baba akajibu, "Walihesabu migongo, mwanangu," na tangu siku hiyo mpaka alipotutoka alikuwa fundi wa kutengeneza viti vya watu wengine, na hakulizungumza tena.

Alianza shule ya msingi mwaka 1973 akamaliza 1979, sekondari akaingia 1980 akamaliza kidato cha sita 1986, na baada ya kufundisha kwa muda shule ya jioni ya watu wazima, aliingia chuo kikuu mwaka 1988 kusomea siasa, na hapo watu wengi walimshangaa, wakisema siasa nayo inasomewa, si mtu anaamka nayo tu, na shangazi yetu mmoja alilia kwa sababu alidhani mtoto anakwenda kusomea kugombana. Tasnifu yake ilikuwa na kurasa tisini na nne, juu ya kwa nini kura lazima iwe ya siri, aliipiga mwenyewe kwa taipureta kwa vidole viwili, na jalada lake lilichorwa na mdogo wake, na japo jambo hili halipo kwenye kumbukumbu za chuo, mdogo wake ana uhakika kwamba alama tano za mwisho zilitokana na jalada. Alitunukiwa digrii yake Jumamosi tarehe 23 Novemba 1991, daraja la pili la juu, na bango la pongezi ambalo familia ilibeba siku hiyo lilikuwa kubwa kuliko mabango yote, mpaka walinzi wa ukumbi waliomba likunjwe, likakataa kukunjika.

Siku ya Jumatatu tarehe 3 Februari 1992 aliajiriwa kuwa katibu msaidizi wa tawi la chama, ofisi ikiwa chumba kimoja cha ghorofani, juu ya duka la fundi cherehani, ambapo cherehani zikianza kazi meza ilitetemeka na chai ikamwagika yenyewe, na katika wiki ya kwanza aliandika taarifa ya kurasa arobaini kuhusu mamlaka yanatoka wapi na kwa nini watu wanayatii, akampelekea mwenyekiti wa tawi, na mwenyekiti akaipima kwa mkono akasema, "Binti, hii nzito, wewe niambie jibu tu," kisha akaitumia kuzuia dirisha lisijifunge kwa upepo, na ikakaa dirishani hapo mpaka jua likalipausha jalada.

Aliyemgeuza hakuwa mwenyekiti, alikuwa muuza mkaa wa nyuma ya kituo cha basi, bibi mmoja mwenye sauti ya mlango mbovu, ambaye dada alimtembelea kumweleza haki zake za uraia, naye akasikiliza mpaka mwisho, akamtazama miguuni, akauliza mbele za watu, "Sasa mwanangu, hiyo digrii yako inazibua mtaro?" na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, kwa maana mtaro ulikuwa umeziba mwezi wa tatu huo na maji machafu yalikuwa yanaingia kwenye mkaa. Dada aliondoka, na wengi walidhani amesusa, lakini kesho yake alirudi amevaa mabuti ya mpira na ameshika kamba ya kupimia, akaupima mtaro wote hatua kwa hatua, akaandika barua ofisi tatu, ya kwanza ikamtuma ya pili, ya pili ikamtuma ya tatu, ya tatu ikamrudisha ya kwanza, ndipo akaingia ya kwanza na kitabu cha sheria ndogo chini ya kwapa, akakaa kwenye benchi siku nne mfululizo akimsomea kifungu kile kile kila aliyepita, na tarehe 30 Aprili 1992 mtaro ulizibuliwa, na yule bibi akasimama juu ya gunia lake akatangaza, "Inazibua!" Kuanzia hapo jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti, mtaa mzima ukamwita Digrii, Digrii kapita, Digrii kasema, muulizeni Digrii.

Ndipo alipoanzisha lile daftari ambalo wote mnalijua kwa kuliona kwapani mwake, Daftari la Milango, kata nzima nyumba mia mbili na kumi na nne, kila nyumba na ukurasa wake, anabisha, anakaa, anaandika mwenye nyumba ana shida gani, tarehe aliyoisema, nani alipelekewa, tarehe iliyojibiwa, na kama haijajibiwa anarudi kumwambia kwamba haijajibiwa, jambo ambalo lilikuwa geni kabisa, watu walizoea kiongozi anayerudi na jibu au asiyerudi kabisa, huyu alikuwa anarudi mikono mitupu na kusema "bado." Kitu kimoja hakukiandika kamwe, nacho ni mtu atampigia kura nani, na mwenyekiti alipomtaka aweke alama pembeni, hawa wetu, hawa si wetu, alimjibu, "Mwenyekiti, hiyo si siasa, huko ni kuhesabu migongo," na mwenyekiti hakuelewa, lakini mdogo wake, aliyekuwa juu ya ngazi akichora nembo ya chama ukutani, alielewa.

Kuhusu mdogo wake huyo ni lazima yasemwe maneno machache, kwa sababu yana kazi huko mbele. Mabango yote ya maana katika mji huu ni yake, kinyozi, duka la dawa, geti la shule, yule simba wa duka la rangi ambaye mbwa humbwekea mpaka leo, na katika kila kazi yake, kona ya chini kulia, yumo ndege mdogo mwenye mkia juu, ndio sahihi yake, kwa vile alisema mtu wa kipaji hawezi kuacha kazi yake ikizurura bila baba, na dada alikuwa akimtania, "Wewe siku ukifa utataka kuchorewa huyo ndege kwenye sanda," naye akijibu kwamba si wazo baya.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 16 Desemba 1995 na mpima ardhi wa halmashauri, ambaye yupo hapa, shemeji pole sana, na tarehe 2 Juni 1997 walijaliwa binti mmoja, ambaye sasa ni mfamasia katika mji wa mbali, amesafiri siku mbili kufika, na ambaye alijifunza kusoma kwa kutumia Daftari la Milango, mpaka neno lake la kwanza kuandika halikuwa mama wala baba, lilikuwa "bado."

Mwaka 2007 kiti cha udiwani cha kata yetu kilibaki wazi, ukaitishwa uchaguzi mdogo, na dada yetu, ambaye wengi walimtaka agombee mwenyewe, alikataa akasema yeye ni wa kubisha milango, si wa kusimama jukwaani, akaenda kwa mkunga yule yule aliyempokea, aliyekuwa amestaafu na anafuga kuku wake kwa amani, akamwomba agombee, na mkunga akasema, "Mwanangu, mimi najua kuzalisha, siasa siijui," dada akamwambia, "Ni hiyo hiyo mama, unakaa na mtu mpaka jambo litoke," na mkunga akacheka mpaka kuku wakakimbia, akakubali. Kwa wiki saba walipita mlango kwa mlango, mkunga mbele, dada nyuma na daftari, na kila nyumba mkunga alipoingia alimkuta mtu aliyemshika miguu akiwa na dakika moja duniani, na mdogo wake alichora mabango thelathini na mawili bila malipo, na anaomba ikumbukwe kuwa hayajawahi kutokea mabango kama yale.

Uchaguzi ulifanyika Jumapili tarehe 14 Oktoba 2007, kituo kilikuwa kimoja, darasa la nne la shule ya msingi, na kura zilianza kuhesabiwa saa kumi jioni mbele ya msimamizi aliyetoka mji mwingine, na mawakala wawili, dada yetu kwa upande wa mkunga, na kwa upande wa pili karani mstaafu wa posta ambaye wote tunamwita Bwana Stempu. Msimamizi alikuwa mtu wa haraka, ananyanyua karatasi, anatangaza jina, anaiweka kwenye fungu lake, na ilipofika kama ya sitini hivi alinyanyua moja iliyotikiwa vizuri kabisa kwa mkunga, akasema halali, akaiweka, na Bwana Stempu aliyekuwa anasinzia akatikisa kichwa kukubali, ndipo dada akasema, "Naomba ile irudi." Msimamizi akairudisha, dada akamwonyesha pembeni mwa tiki palikuwa na kialama, kidogo kama punje ya mchele, akasema kwa kanuni karatasi yenye alama inayoweza kumtambulisha aliyeipiga haihesabiwi, na msimamizi akamwangalia kwa mshangao akamwambia, "Mama, hii ni ya kwako, umeiona?" akajibu, "Nimeona, ndiyo maana nasema mimi."

Hapo Bwana Stempu usingizi ulimtoka wote. Aliomba fungu zima la mkunga lirudiwe moja moja kwa kipimo hicho hicho, na haikuwezekana kumkatalia, zikatoka nyingine sita, moja ina jina la mkunga lililopigiwa mistari mitatu na herufi za kwanza za jina la aliyeipiga, nyingine imeandikwa "mama wa mapacha wa kisimani anakupenda," nyingine ina alama ya kidole kizima cha wino, na zote zilikuwa za mkunga, kwa sababu waliompenda ndio walioshindwa kuituliza kalamu, na waliompigia mwenzake walipiga tu wakaondoka. Matokeo yalibandikwa mlangoni saa kumi na mbili na nusu, mia tatu themanini na nane kwa mia tatu themanini na nne, mkunga akashindwa kwa kura nne, na saba zikiwa mezani kwenye bahasha ya zilizoharibika, na kila mwenye vidole aliweza kuhesabu kwamba Digrii angenyamaza, mkunga angekuwa diwani.

Kwenye ngazi za darasa mkunga alimsubiri, akamuuliza mbele ya watu, "Mwanangu, kwa nini?" na dada akajibu, "Kanuni, mama," na mkunga akatazama viganja vyake mwenyewe akasema, "Nilikupokea kwa hivi," akateremka ngazi akaenda zake, na huo ndio ulikuwa mwisho wa maneno kati yao. Jumatatu tarehe 22 Oktoba mwenyekiti alimtaka akabidhi funguo za ofisi, akakabidhi, akashuka ngazi na daftari lake kwapani, cherehani zote zikanyamaza akipita, na wale waliokuwa wakiita Digrii kwa furaha wakaendelea kuita Digrii, jina ni lile lile, lakini sasa walilitema.

Hapa historia inakuwa fupi, si kwa sababu miaka ilikuwa michache, bali kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuiona. Alibisha milango kwa miezi minne, na daftari linaonyesha nyumba kwa nyumba, "nimebisha, hawakufungua," "nimebisha, redio ikazimwa," "nimebisha, mtoto amesema mama kasema hayupo," na mwezi Machi 2008 aliacha, akaweka meza ya kukunja na viti viwili kwenye varanda ya duka la vifaa vya shule, mkabala na ofisi ya ardhi, akawa mwandishi wa barua za watu, rufaa, malalamiko, maombi ya vyeti, na barua zake zilijibiwa, kwa hiyo watu walimjia, walikuja wakizunguka kwa nyuma kupitia stoo ya duka, wanaeleza shida, wanachukua barua, na wakikutana naye barabarani jioni wanaangalia viatu vyao. Mtaro wa pili ulizibuliwa kwa barua yake, taa za barabara ya shule ni barua yake, na siku ya kuwasha taa hizo hotuba zilikuwa tano, yeye alisimama ng'ambo chini ya taa ya mwisho, ile iliyokataa kuwaka.

Januari 2009 mumewe alihamishiwa mji mwingine, akamwomba waende wote, na dada akasema bado kuna kurasa ambazo hazijajibiwa, shemeji akatangulia akidhani ni mwezi mmoja, na nyote mnajua miezi ilivyo, binti naye akaenda shule ya bweni, kisha chuo, kisha kazi, na nyumba ikabaki na mtu mmoja, sufuria moja ndogo, na redio aliyoizungumzisha, akibishana na wasoma habari kwa majina yao. Jumanne wiki hii tulipoingia kuhamisha vyombo ili watu wapate pa kukaa, tulikuta sebuleni kiti kizuri cha mgeni, alichokinunua miaka kumi iliyopita, bado kimevaa nailoni yake ya dukani.

Mgeni wake alikuwa mmoja, mdogo wake, kila Jumapili saa tisa, ambaye hakukalia kiti hicho kwa sababu alipenda kusimama anapohadithia, na alihadithia kweli kweli, bango alilolichora likasimamisha magari, tajiri aliyemlilia amchoree ukuta, ngazi iliyovunjika akabaki ananing'inia kwa brashi, na dada alisikiliza mpaka mwisho, akicheka penye kuchekesha na pengine pasipochekesha, na mdogo wake akishika kofia yake kuondoka, kila Jumapili, bila kukosa, alimuuliza swali moja, "Na kingine?" naye akajibu, kila Jumapili, "Ndiyo hivyo tu, dada."

Tarehe 11 Juni 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu katika hospitali ya wilaya, Jumanne na Ijumaa, akienda mwenyewe na kurudi mwenyewe, na kwa kuwa mashine ilikuwa moja na foleni ndefu, alifungua daftari jipya, kitanda kwa kitanda, akaandika wagonjwa, saa walizosubiri, na ahadi walizopewa, akaandika barua kumi na moja, na Novemba 2022 ikaja mashine ya pili, na muuguzi wa zamu anasema siku ilipofungwa marehemu alikuwa wa mwisho kwenye orodha ya kuitumia, kwa sababu orodha aliiandika yeye.

Alifariki dunia Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kitanda namba sita, akiwa peke yake kati ya muuguzi kutoka na muuguzi kuingia, na saa hiyo mdogo wake alikuwa juu ya ngazi kwenye duka jipya la viatu, akimalizia mkia wa ndege.

Jumatano yake, katika kutafuta kitambulisho cha marehemu, mdogo wake alifungua kabati akalikuta Daftari la Milango, na kama mtu yeyote anayejipenda alikimbilia ukurasa wake mwenyewe, nyumba namba thelathini na moja, akitarajia kukuta sifa. Hapa anaomba ruhusa yenu aache kusema "mdogo wake," aseme mimi, kwa sababu yanayofuata hayawezi kusomwa na mtu mwingine.

Ukurasa wangu unaanza tarehe 14 Oktoba 2007, wa kabla yake umechanwa, na umeandikwa hivi, "Ana jambo. Kura ni yake. Asiulizwe." Chini yake, tarehe 21 Oktoba, "Amekuja. Hajasema." Tarehe 28, "Amekuja. Hajasema." Na hivyo hivyo, Jumapili kwa Jumapili, ukurasa ukajaa akabandika mwingine kwa gundi, na mwingine, mpaka ukurasa wangu peke yake ukawa mnene kuliko nyumba arobaini, na mstari wa mwisho ni wa Jumapili iliyopita, tarehe 4 Februari, mwandiko umelegea, "Amekuja. Amesimulia kuhusu viatu. Hajasema. Atasema."

Basi nasema, dada. Ile karatasi ya kwanza, ya sitini, yenye kialama kama punje ya mchele, ilikuwa yangu. Nilimchorea mkunga tiki nzuri, nikaiangalia, nikaona ni kazi safi, mkono ukaenda wenyewe pembeni nikachora ndege. Sikulipwa na mtu, sikutumwa, ni majivuno tu, sikuweza kuacha kazi yangu izurure bila baba, mimi mtoto wa mtu aliyefukuzwa ghalani kwa sababu mgongo wake ulionekana. Msimamizi alikuwa mgeni, Bwana Stempu macho mabovu, humo ndani aliyemjua ndege huyo alikuwa mmoja tu, na angeweza kunyamaza akamwacha ndege apite, lakini alijua ya kwamba ndege mmoja akipita, uchaguzi ujao kutakuwa na mabwana wanaowaambia watu chora hiki tukuone, na tutarudi kuhesabu migongo. Akaitoa kura yangu. Kisha mlipomuuliza kwa nini, jibu lilikuwa dogo sana, angesema tu ni ndege wa mdogo wangu, na leo hii mngekuwa mnanitemea mimi, yeye mngemwelewa. Hakusema. Alikuwa ameandika kurasa tisini na nne kwamba kura ni siri ya mwenyewe na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuitoa, na mimi niliyechora jalada sikuwahi kulifungua.

Mama mkunga, uliuliza kwenye ngazi ukajibiwa neno moja, mengine ndiyo haya, yamechelewa miaka kumi na sita na njiani yalikuwa kwangu. Aliyekukosesha ni mimi. Yeye alikusubiri, ukurasa wako ni namba nane, nimeuona, umeandikwa "nimebisha" mara ishirini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyemfunga kitambaa kichwani alivyopenda, inawashukuru mwenye duka la vifaa vya shule kwa varanda yake, wenzake wa tawi la chama kwa shada la maua waliloleta leo, na Bwana Stempu, aliyekuwa mtu wa kwanza kufika msibani na wa kwanza kuomba jembe, na majirani wote, wa mlango wa mbele na wa mlango wa nyuma.

Kibao cha kaburi nimekiandika jana kwa mkono wangu, herufi nyeusi kwenye nyeupe, jina lake lote la kwenye vyeti na chini yake Digrii, na mtakapokwenda kukiangalia mtatafuta kwenye kona ya chini kulia kwa mazoea, msihangaike, hakuna kitu, kazi hii nimeiacha bila sahihi.

Dada, hiki ndicho kingine, sina tena kilichobaki. Amani yako nilikaa nayo mimi miaka yote hii, leo nimeirudisha mbele ya watu, ichukue, upumzike nayo.